Uji Mwepesi

Kwaru. Kimya. Kwaru, kwaru.

Sauti ilitoka jikoni, ndogo, ya kitu kinachokwangua sufuria taratibu, kama kinachoomba radhi kwa kila mkwaruzo. Nje bado kulikuwa na giza, lile giza la saa kumi na moja alfajiri ambalo mtu akilala tena anachelewa na akiamka anajionea huruma. Fundi wa cherehani alitega sikio akiwa kitandani. Panya hutafuna ovyo ovyo. Huyu alikuwa anakwangua kwa mpigo, anapumzika, anakwangua tena.

"Nani huyo?" aliuliza kwa sauti ya chini, asije akamwamsha mama yake.

Mkwaruzo ukakatika. Akasikia nyayo zinaburuzwa sakafuni, mlango wa chumba cha pili ukalia kidogo kwenye bawaba, kisha nyumba ikanyamaza. Alipowasha taa ya jikoni hakukuta mtu. Sufuria ya uji wa mtoto, aliyoiacha jana jioni na masalio yaliyogandia chini, ilikuwa imekwanguliwa mpaka inang'aa. Ndani yake ulilazwa mwiko wa mbao, umelowa.

Akachungulia chumba cha pili. Mama yake alikuwa amelala ubavu, uso umeelekea ukutani, kitambaa alichofunga kichwani tangu nywele zimwishe kimemshukia hadi kwenye nyusi. Kwenye godoro la chini, binti wa fundi alikuwa amefumba macho kwa nguvu zake zote, kope zinatetemeka, kama wanavyofumba watoto wanaotaka waonekane wamelala. Fundi akatikisa kichwa. Mwizi amepatikana.

Mtoto huyo nyumba nzima ilimwita Chiriku, kwa sababu tangu ajue kutamka maneno mdomo wake haukuwahi kupata likizo. Alikuwa na miaka sita. Asubuhi ile, bibi yake akiwa bafuni anajiandaa kwenda hospitali, fundi alimsimamisha mbele ya cherehani akamuuliza amekosa nini katika nyumba hii, hata aamke gizani kukwangua masufuria kama mtoto asiyelishwa. Chiriku, ambaye kwa kawaida hutoa jibu kabla swali halijaisha, alitazama vidole vyake vya miguu. Hakusema neno. Fundi akauchukua ukimya ule kuwa ni kukiri, akamkatia hukumu papo hapo: wiki nzima asiguse kanyagio la cherehani. Kukanyaga kanyagio huku mama yake anaongoza kitambaa ndiyo ilikuwa raha ya Chiriku kuliko pipi. Machozi yakamlenga.

Laiti fundi angejiuliza chiriku amenyamazishwa na nini. Lakini alikuwa na haraka na, tuseme ukweli, alikuwa na furaha kidogo. Alikuwa anaenda kusifiwa.

Kwapani alibana daftari lake la vipimo. Ukilifungua kwa mbele ulikuta wateja: kifua, kiuno, nyonga, urefu wa mkono. Ukiligeuza juu chini na kulifungua kwa nyuma ulikuta chakula cha mama yake. Alianza kuandika upande huo wiki tatu zilizopita, siku mama alipowekewa dripu ya kwanza ya kutibu saratani. Siku ile mtaalamu wa lishe, kijana mrefu wa miwani ambaye wagonjwa wote humwita Bwana Lishe, alizungumza naye akiwa amesimama mlangoni, mguu mmoja ndani na mwingine nje, huku anaitwa kutoka upande wa pili wa ukumbi. Alisema mama apewe chakula chepesi, kidogo kidogo, mara nyingi. Fundi akaandika hivyo hivyo: chepesi, kidogo kidogo, mara nyingi. Neno la kwanza akalipigia mstari.

Sasa, mtu aliyelelewa kando ya jiko anajua kwamba uji ni wa namna mbili, mzito na mwepesi. Mzito unasimamisha kijiko. Mwepesi unanyweka kama chai. Fundi hakuona haja ya kuuliza zaidi. Kuanzia siku ile akawa anapika sufuria mbili: ya Chiriku, uji mzito wenye maziwa na karanga za kusaga, na ya mama yake, vijiko viwili vya unga kwenye maji tele, sukari kwa mbali. Supu aliichuja mara mbili mpaka ikabaki rangi. Juisi aliichanganya na maji nusu kwa nusu. Kila kilichokwenda kwa mama kilikuwa chepesi, na fundi alijisikia mtu anayefuata maagizo.

Kilichompa moyo ni kwamba mama alikuwa anamaliza. Kabla ya matibabu, ugonjwa ukiwa umemkata hamu ya chakula, sahani zilirudi kama zilivyokwenda. Sasa vikombe vilirudi vitupu. Saa mbili, kikombe kimoja, amemaliza. Saa nne na nusu, amemaliza. Saa saba, supu, amemaliza. Kila mstari aliuwekea tiki kwa kalamu nyekundu, na kurasa zikajaa tiki kama daftari la mtoto hodari.

Mama mwenyewe hakuwahi kulalamika, na hapo ndipo lilipokuwa tatizo lote. Kwa miaka karibu thelathini alikuwa mpishi wa shule ya bweni, na wanafunzi walimwita Bi Mwiko. Jina lilikuwa na pande mbili. Upande mmoja ni mwiko wa mbao, mrefu kama mpini wa jembe, aliokorogea chakula cha watoto mia tatu. Upande wa pili ni kwamba Bi Mwiko alikuwa na mwiko wake mmoja ambao hakuna aliyewahi kumwona akiuvunja: hakosoi chakula alichopikiwa. Miaka yote ile alitukanwa kila mlo. Wali una mawe, maharage ni magumu, mboga imelala. Akaapa kwamba mdomo wake hautamfanyia mtu mwingine yeyote vile. Jirani akiunguza chakula, Bi Mwiko atakula, atajifuta mdomo, atashukuru. Wenzake wa jikoni walimtania kwamba hata akipikiwa kandambili atauliza tu imechemka saa ngapi ikalainika hivi. Kwake yeye mwenyewe alikuwa mkali: hata uji wa sukari aliutia punje chache za chumvi, na ulipokosa chumvi alijigombeza mwenyewe, kwa sauti, mbele ya sufuria.

Kwa hiyo kila fundi alipomletea kikombe, alikipokea, akanywa, akasema, "Asante mwanangu, nimeshiba." Na fundi akaamini.

Siku moja Chiriku aliinama juu ya kikombe kilichojaa na kutangaza kwamba analiona ua. Kikombe kilikuwa cha bati, kimechorwa ua jekundu ndani, chini kabisa. Bi Mwiko alicheka mpaka akakohoa. Fundi akamwambia mtoto aache kutia pua kwenye vikombe vya wakubwa.

Halafu kulikuwa na gauni. Gauni la mama la kuendea hospitali, la buluu, fundi alilibana kiunoni mara mbili ndani ya wiki tatu. Mara ya kwanza inchi mbili. Mara ya pili inchi mbili na nusu. Alilibana vizuri, mshono umelala, huwezi kujua lilikuwa pana, na akaandika vipimo mbele ya daftari kwa mwandiko mzuri aliofundishwa kwenye masomo ya jioni. Kisha akaligeuza daftari, akaandika nyuma: amemaliza. Kurasa hizo mbili hazikuwahi kuonana.

*

Hospitalini muuguzi alisoma mzani, akamwomba Bi Mwiko ashuke, apande tena. Akasoma tena.

Arobaini na sita. Wiki tatu zilizopita ilikuwa hamsini na moja.

Daktari alikuwa mwanamke asiyepoteza maneno. Alieleza kwamba dripu ya leo haitawekwa. Dawa ile ina nguvu, na mwili uliopungua kwa kasi hivi hautaibeba. Warudi baada ya siku saba. Uzito usipopanda, au walau usimame pale ulipo, itabidi matibabu yasitishwe kwanza, na kila wiki ya kusitisha ni wiki ya ugonjwa kujinafasi. Aliyasema hayo kwa upole, na upole ule ndio uliomtisha fundi.

Wakapelekwa kwa Bwana Lishe. Safari hii alikuwa amekaa. Aliomba aelezwe mama anakula nini, na fundi akalifungua daftari. Hata wakati ule, Mungu amsamehe, alilifungua kwa fahari. Akapitisha kidole kwenye tiki nyekundu, ukurasa baada ya ukurasa.

"Anamaliza," alisema. "Kila kikombe anamaliza."

"Uji unaupikaje?"

"Mwepesi. Kama ulivyoniagiza."

"Mwepesi vipi, dada?"

Fundi akaonyesha kwa mkono, kama mtu anayemimina. "Wa kunyweka tu."

Bwana Lishe alivua miwani akaiweka mezani. Hakukasirika. Alisema taratibu kwamba aliposema chepesi alimaanisha kisicholemea tumbo. Yai lililoiva vizuri. Viazi vilivyopondwa na maziwa. Ndizi mbivu, uji wenye karanga za kusaga. Vijiko vichache, lakini kila kijiko kiwe na nguvu ndani yake. Maji hayakuwemo katika maneno yake. Akaongeza kwamba na yeye ana sehemu yake ya kosa, maana mambo kama haya hayasemwi mlangoni.

Fundi alisikia masikio yake yanapata moto. Alikuwa bado ameweka kidole kwenye tiki.

"Ni mimi," Bi Mwiko akasema ghafla. "Mimi ndiye niliyemwambia aongeze maji. Huyu ananisikiliza tu."

Bwana Lishe akamtazama mama, akamtazama binti. Fundi alifungua mdomo ili akanushe. Akaufunga. Aliuacha uongo wa mama yake usimame pale mezani, na kijana akauandika kwenye faili.

Walipotoka walikaa kwenye benchi la ukumbini Bi Mwiko apumzike. Fundi alishika mfuko wenye chupa ya chai na nguo ya kubadilisha. Alitaka kusema samahani. Samahani ni neno la kumkanyaga mtu mguu, la kumgonga na mzigo njiani. Kwa kumshindisha mama yako njaa wiki tatu nzima huku unajiwekea tiki nyekundu, hakujua aseme nini. Mama yake alimpapasa goti, akasema benchi hili ni baridi, twende nyumbani.

*

Siku ile ile mchana fundi aliingia jikoni kama mtu anayezima moto. Alipika uji mzito uliokaribia kuwa zege, akavunja mayai matatu, akakoroga karanga, akaponda parachichi pembeni, akajaza bakuli hadi ukingoni. Mayai mengine aliyakaanga, nyumba nzima ikanuka mafuta. Akavuta kiti, akakaa mbele ya mama yake na kijiko mkononi.

Bi Mwiko alikula vijiko vitano. Cha sita alikishikilia mdomoni muda mrefu, jasho limemtoka juu ya mdomo, kisha akameza. Alisema chakula ni kitamu sana.

"Kimoja tena, Mama."

Akala kimoja tena. Baada ya dakika kumi kila kitu kilirudi, na fundi akiwa amemshika paji la uso juu ya beseni alisikia mifupa ya shingo ya mama yake chini ya kiganja cha mkono wa pili, mmoja mmoja.

Kesho yake alifanya hivyo hivyo, na keshokutwa. Daftarini aliandika: nusu bakuli, ametapika. Vijiko vitatu, ametapika. Kalamu nyekundu aliitupa kwenye kopo la vifungo. Mteja mmoja alikuja kuchukua gauni la ubatizo wa mwanawe akakuta mikono imeshonwa kinyume, wa kulia upo kushoto, na fundi hakuwa hata na nguvu ya kujitetea. Siku ya tatu aliona jambo ambalo angependa asingeliona: kila kijiko kilipogonga bakuli huko jikoni, mama yake alitazama mlango kama mtoto anayesubiri sindano. Lakini fundi hakuweza kuacha. Kila kijiko kilichoingia kilimtua mzigo kidogo rohoni, na kila kilichotoka kiliurudisha. Alikuwa hamlishi mama tena. Alikuwa anajilisha msamaha kwa mdomo wa mama yake, na ndani ya nafsi yake alilijua hilo, akaendelea kukoroga.

Chiriku siku hizo alizunguka nyumba kwa miguu ya paka. Aliikwepa cherehani. Jioni alikaa na bibi yake chumbani, wakinong'ona.

Zilibaki siku nne kabla ya mzani.

*

Kwaru.

Fundi alifumbua macho gizani. Kwaru, kwaru. Mpigo ule ule. Safari hii hakuita. Aliteremka kitandani pekupeku, akapapasa ukuta mpaka mlango wa jikoni, akasimama.

Chiriku alikuwa ameshika tochi ndogo, ameifunika kwa vidole ili isiangaze sana, na mwanga uliopenya vidoleni ulikuwa mwekundu. Katika mwanga huo, kwenye kigoda, alikaa Bi Mwiko na sufuria ya uji wa mtoto katikati ya magoti. Alikwangua kwa mwiko wa mbao, akala, akafumba macho, akameza. Akapumzika. Akakwangua tena. Hakukuwa na jasho wala beseni. Alikula kama mtu mwenye njaa anavyokula kitu kitamu, na fundi alihesabu vijiko kimoja kimoja mpaka tisa, ameshika fremu ya mlango.

Chiriku ndiye aliyemwona kwanza. Mwanga ukaruka ukutani.

"Bibi," alinong'ona, "tumekamatwa."

Bi Mwiko aliushusha mwiko taratibu. Akautazama, akamtazama binti yake, na uso wake ukawa kama wa wale wanafunzi aliokuwa akiwafumania stoo na mifuko imejaa karanga. Alisema amekamata watoto wengi maishani mwake, hakujua kwamba zamu yake nayo itafika.

Fundi akakaa chini sakafuni, pale pale. Alichoambiwa mle gizani kilikuwa kifupi, lakini kilimchukua muda kukipanga. Alfajiri ndiyo saa pekee ambayo tumbo la mama linatulia. Jua likishapanda, kichefuchefu nacho kinapanda. Uji ukiwa umepoa hauna harufu, na harufu ndiyo inayomwangusha, hata kabla ya chakula kufika. Kijiko cha chuma kinamwachia ladha ya kutu, kama anayelamba msumari, ila mwiko hauna neno. Na huu uji wa mtoto, tofauti na ule mwingine, ukishuka unakaa. Alianza wiki ya pili ya matibabu, usiku ulipomshinda kwa njaa. Chiriku akaamka akamkuta, akaapishwa.

Yote hayo yalikuwa jikoni mwake kila alfajiri: saa, ubaridi, mwiko, uzito. Na yeye alikuwa ameuliza nani huyo, akamwadhibu mtoto.

"Kwa nini hukuniambia, Mama?"

Bi Mwiko aliulaza mwiko ndani ya sufuria. "Ningekwambiaje? Ulikuwa unaniletea kikombe umekishika kwa mikono miwili."

Fundi alijifunika uso. Kupitia vidole alisema mambo yote, bila mpangilio: kwamba gauni alilibana yeye mwenyewe na hakuona, kwamba ule uji mwepesi ulikuwa unamfurahisha kwa sababu unaisha haraka naye anarudi kwenye kazi zake, kwamba kwa Bwana Lishe alikaa kimya mama yake akibeba kosa lisilo lake. Alimaliza kwa kusema kwamba alimnyima mama yake chakula. Alingoja aambiwe hapana, si hivyo, hukujua. Ndivyo mama yake alivyozoea kusema maisha yake yote, juu ya chakula chochote, mbele ya mtu yeyote.

"Njaa ilikuwepo, mwanangu," Bi Mwiko alisema. "Sitakudanganya."

Iliuma. Lakini ilikuwa mara ya kwanza fundi kusikia kitu cha kweli kuhusu chakula kutoka katika mdomo ule, na akakishika hicho hicho. Alimwomba mama yake ahadi moja: chakula kikiwa kibaya, aseme ni kibaya. Bi Mwiko akatikisa kichwa na kucheka kidogo kwa uchungu. Alisema aombwe jambo jingine, hata dripu mbili kwa mpigo. Hilo la kukosoa, baada ya miaka thelathini, ulimi wake haujui unaanzia wapi.

Kulikuwa bado na deni la mtoto. Fundi alimvuta Chiriku karibu, akamwambia kwamba alimwadhibu kwa kosa ambalo si lake, na kwamba kosa lenyewe halikuwa kosa. Chiriku alilifikiria jambo hilo kwa makini, tochi imemulika dari. Kisha akataka kujua kama siku alizokosa cherehani zitafidiwa, na kama fidia inaweza kuanza sasa hivi. Kwa hiyo saa kumi na moja na nusu alfajiri, kabla majirani hawajaamka, cherehani ya nyumba ile ililia mita moja nzima ya kitambaa kisicho na kazi, kanyagio likikanyagwa kwa miguu miwili midogo, na Bi Mwiko mlangoni akilamba mwiko.

*

Siku nne zilizobaki fundi alizishona kwa sindano ndogo. Jioni alipika uji mmoja tu, sufuria moja, mzito, wenye maziwa, karanga na ute wa yai uliokorogwa mpaka ukapotea. Alipika mama yake akiwa uani, madirisha wazi, ili harufu itoke kabla hajarudi ndani. Aliuacha upoe, akaufunika. Alfajiri aliweka nusu kikombe kando ya kitanda, na kijiko cha mbao alichokinunua sokoni, kisha akaondoka. Hilo la kuondoka lilikuwa gumu kuliko yote. Alikaa kwenye cherehani, mguu juu ya kanyagio bila kulikanyaga, akisikiliza. Mara nyingine alisikia mbao ikigusa bati. Mara nyingine alisikia kimya, na kimya kilimwambia aliyoyajua tayari.

Katikati ya siku aliacha ndizi iliyopondwa, au viazi viwili vidogo, mahali ambapo mama angepita na kuviona bila kuombwa. Daftari alilifungua ukurasa mpya, katikati, na kwenye ukurasa huo mmoja akaandika chakula na kiuno pamoja. Hakuweka tiki. Aliandika tu kilicholiwa na kilichobaki. Siku ya nne alimzungushia mama yake utepe wa kupimia. Kiuno kilikuwa pale pale.

Mzani ulisema arobaini na sita na nusu. Muuguzi aliusoma mara moja tu. Daktari alitazama karatasi, akamtazama Bi Mwiko kuanzia kitambaa cha kichwani hadi viatu, akasema umesimama, tuendelee. Dripu ikawekwa.

Ikiwa inadondoka, fundi alikwenda mwenyewe hadi mlango wa Bwana Lishe. Alimwambia kwamba kilichoandikwa kwenye faili si kweli. Maji aliyaongeza yeye, hakuagizwa na mama. Kijana akavua miwani tena. Alisema alijua, ila alingoja aone kama kuna atakayerudi kusahihisha. Akamvutia kiti.

Siku zilizofuata dripu zilikuwa mbaya, kama walivyoambiwa zitakuwa. Siku mbili Bi Mwiko hakutaka hata kuona mwiko. Kikombe cha alfajiri kilikaa kando ya kitanda mpaka uji ukaota ngozi, na fundi alikichukua, akakiosha, akaandika: hakijaguswa. Alijaribu kutokiweka moyoni. Alishindwa. Kila alipopita karibu na lile gauni la buluu lililotundikwa mlangoni aliona mishono yake mwenyewe, mizuri, iliyonyooka, inamtazama.

Siku ya tatu alfajiri aliweka kikombe tena na kurudi kwenye cherehani. Alikuwa amepika jana yake kwa hofu, mkono mzito, hakukumbuka hata alichotia. Chiriku alikuwa ndani kwa bibi yake, ameamka kabla ya watu kama kawaida yake. Fundi alitia uzi kwenye sindano. Uzi ukakataa. Akaulamba, akajaribu tena.

Kutoka chumbani, mbao ikagusa bati. Kwaru.

Alisimamisha pumzi. Kimya. Kisha kwaru nyingine, kisha minong'ono, ya bibi ikianza na kukatika, ikianza tena, kama mtu anayetafuta neno ambalo hajawahi kulitumia. Halafu nyayo ndogo zikaja haraka. Chiriku akasimama mlangoni, mkono kiunoni, uso mzito wa mtu aliyetumwa na kuonywa asipunguze wala asiongeze.

"Mama, Bibi anasema uji wako hauna chumvi."